Je, Aliyepewa Mizani Aweza Kujipimia?



Nalikuwa Nairobi si siku nyingi, mgeni wa jamaa zetu wa Majengo ya Pumwani. Ukitoka Majengo ukashuka kuelekea mtoni unaingia Gikomba, soko kubwa la nguo za mitumba. Sisi watu wa pwani twayaona marobota yakishushwa Kilindini, kisha hatuulizi yaendako. Basi mengi huishia huko. Na huko ndiko alikonijia kijana mmoja wa kwetu, baada ya sala ya alasiri, akaniuliza mas-ala ambayo nimekuwa nikiyageuza moyoni tangu siku ile, nayo yawagusa wengi wenu, wenye maduka na wenye kuajiriwa.

Kijana huyu ni mchambuzi wa nguo katika kampuni ndogo. Alipoingia walikuwa watu watatu: tajiri, yeye na hamali mmoja. Leo ni kumi na tisa, wana ghala, wana karani, wana wateja wa kutoka Kisumu hata Lamu. Tajiri kazi imemzidi, basi alimwita akamwambia: tangu mwezi ujao wewe ndiwe meneja, kununua, kupanga bei na kugawa kazi ni juu yako.

Khofu yake ya kwanza ilikuwa hesabu, nami nalimwambia hesabu husomwa. Ya pili ilikuwa wazee waliomfundisha kazi, ambao sasa atawaamrisha. Nalimkumbusha Usama bin Zaid, aliyepewa jeshi naye hajatimia miaka ishirini, na chini yake masahaba wakubwa. Na Sayyidna Abubakar alipomsindikiza, Usama juu ya mnyama wake, yeye khalifa alikwenda kwa miguu. Umri si kizuizi, maadamu kijana hakusahau nani aliyemfundisha.

Alipokwisha kuvaa viatu, mlangoni, ndipo alipolitoa la tatu, kama mtu anayeuliza khabari za mvua: "Na ile meza yangu, Sheikh, si neno?"

Nalimrudisha ndani.

Robota la mitumba hufungwa kwa mikanda huko ng'ambo, uzito wake aghalabu kilo 45, nalo hununuliwa bila ya kuonekana kilichomo. Likifunguliwa, kazi ya kwanza ni kuchambua. Nguo iliyo safi, ambayo ungedhani jana ilitoka kwa fundi, huwekwa kando. Wenyewe Gikomba huiita kamera, na hiyo ndiyo irudishayo mtaji. Nyingine hushuka daraja kwa daraja mpaka kufikia matambara. Baina ya kamera na daraja la pili hakuna mstari uliochorwa; kuna jicho la mtu na mkono wake tu. Kijana huyu ana meza yake sokoni, na nguo zake huzinunua katika ghala la kampuni kama mteja mwingine yeyote. Hata leo hapakuwa na lawama, kwani bei ilipangwa na tajiri. Lakini mwezi ujao yeye ndiye atakayesema hii ni kamera na ile siyo, na bei yake ni kadha, na nani achague mwanzo. Kisha azunguke upande wa pili atoe fedha anunue.

Akasema, "Nitalipa bei ile ile wanayolipa wenzangu." Namsadiki. Lakini chukua shati lililopungukiwa na kifungo kimoja. Ni la daraja la kwanza au la pili? Wallahi sijui mimi, wala yeye hajui. Lakini ikiwa mnunuzi ni yeye, litakuwa la pili. Wala hatakuwa ameiba. Ataapa kuwa ameliona la pili, naye atakuwa mkweli.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamemkataza wakili kujiuzia nafsi yake mali aliyowakilishwa kuiuza, kwa kuwa muuzaji hutaka bei ipande na mnunuzi hutaka ishuke, na moyo mmoja hauwezi kuyataka yote mawili. Hata Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 imewaamuru wakurugenzi wajiepushe na mahali ambapo maslahi yao yanapingana na ya kampuni.

Akaniambia tajiri amemruhusu. Hapa ndipo niliposhuku kidogo. Tajiri yule si mjinga. Anajua kuwa meza ile ndiyo imwezeshayo kumlipa meneja ujira mdogo. Ruhusa yake si ukarimu, ni mshahara unaolipwa gizani. Na kumpa mke au ndugu ile meza ni kubadilisha jina tu.

Sayyidna Abubakar alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Aliposhika ukhalifa alitoka asubuhi na nguo zake begani kwenda sokoni, kama alivyozoea. Wakakutana naye Sayyidna Umar na Abu Ubaida, wakamrudisha, naye akawauliza: watu wa nyumbani mwangu watakula nini? Hawakumwambia asubiri, wala avumilie. Walimkadiria posho katika hazina. Watu hukihadithia kisa hiki kwa kuusifu uchaji wa Abubakar; mimi nakiona kina deni kubwa zaidi juu ya wale wamwekao mtu.

Wala sisemi kuwa jambo ni jepesi. Mwaka 2020, mitumba ilipozuiwa kuingia nchini kwa ajili ya korona, tangu Machi hata Agosti, mshahara ulikatika, na akiba ya meza ile ndiyo iliyomlisha mamake huku Mombasa. Nalimwambia auze viatu, vya kununua kwa wengine. Akacheka: "Viatu sivijui, Sheikh."

Basi nalimwambia asivishike vyote viwili. Amwendee tajiri ataje ujira unaomtosha yeye na mamake, wazi, uandikwe. Akikataliwa, abaki na meza yake na uchambuzi wake, wala asione haya. Abu Dharr, pamoja na cheo chake, Mtume alimzuilia uongozi kwa kumpenda.

Siku ya kuondoka nalipita Gikomba kumuaga. Tajiri alikuwa ameomba siku saba za kufikiri. Meza ilikuwa imefunikwa turubai. Hakuwa ameifungua, wala hakuwa ameiuza.