Kwenda mbio, ni kosa?

Twajiuliza: mtu anayeendesha motokari kwa mbio ya kutisha, je, anadharau uhai wake?

Tutazame kazi ya Norman Dewis, Mwingereza aliyekuwa mjaribu wa motokari za Jaguar. Tarehe 20 Oktoba 1953, huko Jabbeke katika Ubelgiji, alifikisha motokari ya XK120 kilometa 277 kwa saa. Mbio ile ilitafuta sifa ya kiwanda, hatukatai. Mwaka 1971 aliendesha XJ13 ili ipigwe sinema ya kutangaza biashara. Gurudumu likaharibika, motokari ikapinduka. Bahati njema, alipona.

Lakini iko kazi yake nyingine. Freni za zamani zilipata moto na kulegea. Yeye pamoja na mafundi wa Dunlop walijaribu freni mpya za sahani: anakimbia, anafunga, anaona kasoro, wanatengeneza, anarudia. Leo freni za namna hiyo zinaokoa watu wengi wasiojua hata jina lake.

Basi tupambanue. Hatari ni ile ile, lakini nia si moja. Mjaribu mwema anatafuta kosa la mashine kusudi lisiue mwingine. Na kijana anayekimbiza motokari katikati ya soko ili asifiwe, anatafuta nini? Tena wale wanaovuka barabara hawakukubali kushiriki hatari yake.

Kabla ya kukanyaga, tujiulize mambo mawili: hatari hii itamfaa nani, na ni nani atakayeilipa?