Punguzo la Noeli na Deni la Mjane



Sisi ndugu zenu tuliotoka Kyangwali tukaja kuuza vitenge hapa Mpumudde, Jinja (ndipo alipofia Mfalme Kabalega wa Bunyoro mwaka 1923, akirudi kutoka uhamishoni), tuna neno juu ya punguzo la Noeli.

Kuna punguzo la uongo. Mtu anapandisha kitenge hadi shilingi 40,000 mwezi wa Novemba, halafu Desemba anakirudisha 30,000, bei ile ile ya Septemba, na kuandika ubaoni "BEI YA NOELI". Huyo Nabii Amosi alishamsema katika sura ya 8.

Lakini hata punguzo la kweli limetusumbua. Mama mmoja mjane alichukua kitenge kwetu mwezi wa Oktoba kwa deni la 30,000, alipe kidogo kidogo. Desemba tukakishusha hadi 22,000 kwa wenye fedha mkononi. Akapita, akasoma ubao, akanyamaza. Baadhi yetu walisema mapatano ni mapatano, naye amekwisha kukivaa miezi miwili. Ni kweli. Ila mwenye fedha alingoja kwa sababu aliweza kungoja, na zile 8,000 tulizomwachia yeye, tulikuwa bado tunamdai mjane.

Tulilishusha deni lake likawa 22,000. Faida yetu ilipungua, na wawili kati yetu hawajaridhika hadi leo. Mwaka huu, kabla ya kuandika ubao, tutafungua kwanza daftari la madeni.