Nani Aliye Mbali?

Ndege ikiondoka Bangoka, hapa kwetu Kisangani, saa nne asubuhi, hutua N'djili kule Kinshasa karibu na saa tano. Siku ya kurudi, ikiondoka huko saa nne, hufika kwetu saa saba. Je, njia ya kurudi ni ndefu mara tatu? Hasha! Njia ni ileile, kama kilometa 1,200, nayo huchukua muda wa saa mbili hivi. Ila saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Tutazame sasa njia ya majini. Mto wetu umepindika kama upinde: hupanda kaskazini hata Bumba na Lisala, kisha hushuka kupita Mbandaka. Ndege hufuata kamba ya upinde. Meli hufuata mti wake, zaidi ya kilometa 1,700, na msafiri huweza kulala majini majuma mengi, kwa ajili ya mafungu ya mchanga na injini zinazokufa njiani. Basi Kinshasa ni mbali ama karibu? Mfuko wa mtu ndio unaojibu, na miji yenyewe haikusogea hata hatua moja.

Twasema haya kwa sababu ya neno linalosikika mno matangani: "Sikuja kumwuguza mama, nilikuwa mbali." Je, umbali hupunguza wajibu? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mapendo yana utaratibu, na watu wa damu yetu wana haki ya kutangulia. Lakini alifundisha pia kwamba mgeni aliye katika hatari kuu aweza kupasa kusaidiwa kabla ya baba mzazi asiye na shida kama hiyo. Kumbe hata shida ya mtu humleta karibu nasi. Kuhani na Mlawi wa Injili walipita hatua chache tu kutoka kwa yule majeruhi, na hakuna aliyekuwa mbali naye kuliko wao.

Kwa hiyo tusiwapime wote kwa mizani moja. Mchuuzi anayepanda mto kwa mashua, akakuta mama amekwisha zikwa, ametimiza wajibu wake, ijapokuwa amechelewa mwezi mzima. Mwenye nauli ya ndege aliyebaki Kinshasa, huyo ajiulize mwenyewe mbele ya Mungu. Wengine hujibu: "Lakini twatuma fedha kwa simu." Vema kabisa, wagonjwa wengi wamepona kwa fedha hiyo, wala hatuidharau. Hata hivyo mzee kitandani, akisikia mlango unafunguliwa, haulizi dawa imegharimu kiasi gani. Huuliza ni nani aliyeingia.

Na yule asiye na nauli wala fedha ya kutuma? Apige simu jioni, ila akumbuke kwamba saa mbili usiku ya Kinshasa ni saa tatu kwetu, na wagonjwa hulala mapema.