Keti Kwanza, Piga Hesabu

Tafakari ya vijana: Luka 14:25-33



Vijana wenzangu, Injili hii wengi tunaikumbuka kwa jambo moja tu, lile la kubeba msalaba. Lakini katikati yake Yesu ameweka mfano ambao fundi yeyote wa hapa Same anauelewa bila kufafanuliwa. Mtu anataka kujenga mnara. Kabla hajachimba msingi anaketi, anapiga hesabu, anajiuliza kama alicho nacho kitamfikisha mwisho. Asipofanya hivyo atabaki na msingi mtupu, na wapita njia watamcheka.

Kwenye vikao vyetu vya vijana kuna sentensi inayopendwa sana: "Tuanze tu, Mungu atafungua njia." Ni kweli Mungu hufungua njia. Lakini anayesema keti uhesabu ni Yesu mwenyewe, si mwekahazina mwenye imani haba. Kwa hiyo leo nataka tuone jambo moja: kukadiria gharama kwa ukweli ni sehemu ya ufuasi, kwa sababu gharama tusiyoihesabu sisi kuna mtu mwingine atailipa.

Anza na hitaji, siyo na bei

Tuchukue mfano, na namba zake ni za mfano tu. Vijana wa kigango kimoja huko juu milimani wanataka tangi la kuvuna maji ya mvua pembeni mwa kanisa. Kikao kinaanza, mmoja anasimama: "Tangi la lita 5,000 ni milioni moja. Tuchange milioni moja." Makofi. Kikao kimefungwa.

Sasa hebu tuketi kama yule mtu wa Injili. Swali la kwanza si bei ya tangi. Swali ni: tunahitaji nini? Tunahitaji watoto wa katekesi wapate maji safi wakati wa kiangazi. Hilo ndilo hitaji. Tangi lenyewe haliwezi kulitimiza peke yake, kwa hiyo tunalivunja hitaji vipande vipande na kila kipande tunakipa bei yake:

Tangi: 1,000,000.
Jukwaa la matofali na saruji: 350,000.
Mifereji ya kukinga maji kwenye bati: 280,000.
Mabomba na koki: 120,000.
Fundi: 200,000.
Usafiri kutoka Same mjini: 150,000.

Jumla ni shilingi 2,100,000. Yaani bei iliyopigiwa makofi haifiki hata nusu.

Usafiri nimeupataje? Nani anajua lori litatoza kiasi gani, na mvua ikinyesha barabara ya mlimani inakuwaje? Hapo wapangaji wa miradi hutumia njia rahisi. Unaandika namba tatu: mambo yakienda vizuri, 100,000, yakiwa ya kawaida, 140,000, yakiharibika, 240,000. Ile ya kawaida unaizidisha mara nne, unaongeza zile mbili, kisha unagawa kwa sita. Unapata 150,000. Namba hii inakiri kwamba hatujui yote, ila haijifichi nyuma ya kutokujua.

Kwenye kujumlisha kuna mitego miwili. Lori moja litabeba tangi na saruji kwa safari ileile. Aliyekadiria tangi akiweka usafiri, na aliyekadiria jukwaa akauweka tena, tumehesabu mara mbili. Kila mmoja akidhani mwenzake ameuweka, haujahesabiwa kabisa. Ndiyo maana jumla inafanywa mezani, watu wote wakiwepo, kila mstari ukisomwa kwa sauti. Mwisho tunaongeza akiba ya dharura, tuseme asilimia 10, ambayo ni 210,000. Sasa tumefika 2,310,000.

Mezani kuna ahadi za milioni moja na laki nane. Tufanyeje?

Hapa ndipo jaribu linapoingia. Mtu ananong'ona: "Punguza usafiri uwe elfu hamsini, na dharura ifute, ili paroko apitishe. Tukishaanza hawawezi kutuacha njiani." Vijana, huo ni uongo, na amri ya nane inahusu hata makaratasi ya bajeti. Lori halitapunguza nauli kwa sababu sisi tumeandika elfu hamsini. Kama hela haitoshi, kinachoguswa ni hitaji. Labda tuchukue tangi dogo zaidi. Labda mwaka huu tuweke mifereji upande mmoja wa paa. Labda matofali tuyafyatue wenyewe. Tukibadilisha hitaji, gharama inashuka kweli. Tukibadilisha namba peke yake, tumehamisha deni tu. Na mara nyingi linahamia kwa bibi yule aliyeuza kuku ili atoe elfu tano, halafu anaambiwa atoe tena, na mwakani anapita pale anaona jukwaa limeota nyasi bila tangi juu yake.

Gharama isiyoandikwa popote

Sisi wa Same hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Mji wetu uko upande mkavu wa milima, na shida ya maji tumezaliwa nayo. Mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe, wa kuleta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza 2014 na ulitarajiwa kukamilika 2017. Ulizinduliwa rasmi tarehe 9 Machi 2025. Siandiki haya kumhukumu mtu, mradi wa namna hiyo una mambo mengi. Fikiria tu mahitaji yake: chanzo bwawani, mtambo wa kusafisha, umeme wa kusukuma maji kupanda, mabomba makuu, matangi, kisha mtandao wa kuyafikisha mtaani. Kipande kimoja kikisimama, bomba linabaki kavu hata kama vingine vyote vimelipiwa.

Ninachotaka tukitazame ni ile miaka minane kati ya 2017 na 2025. Nani aliilipia? Aliilipia mama aliyenunua maji kwa dumu. Aliilipia binti aliyeamka alfajiri kutafuta maji kabla ya kwenda shule. Ucheleweshaji una bei, na bei hiyo hailipwi na waliokaa kwenye meza ya kupanga. Ukiwa kiongozi kesho, iwe wa VIWAWA, wa jumuiya au wa wizara, ongeza mstari huu kwenye daftari lako: tukichelewa, nani ataumia?

Wazee wa Upareni walilijua hili mapema. Ndiva zao, yale mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba kwa zamu, hazikuwa na gharama ya kujenga peke yake. Tope huingia kila msimu, na mifereji huziba. Kwa hiyo msaragambo haukuwa wa siku ya kuchimba tu. Watu waliitwa tena kuzoa tope na kusafisha mifereji. Waliokunywa faida walibeba pia matunzo. Sisi vijana wa leo tunazindua kwa keki na picha, halafu koki ikivunjika hakuna aliyeitengea hata elfu kumi.

Ukisoma kitabu cha Nehemia utaona kitu kama hicho. Kabla ya kuondoka kwa mfalme anaomba barua kwa mtunza msitu, apate miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Anajua anahitaji nini. Akifika Yerusalemu anazunguka usiku kuukagua ukuta kwanza, bila kelele. Ndipo sura ya 3 inagawa kazi: familia hii kipande hiki, familia ile kipande kile, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Ule ulikuwa msaragambo kabisa!

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anapoeleza fadhila ya busara anaitaja pamoja na sehemu zake: kumbukumbu ya yaliyopita, utayari wa kufundishwa, kuona mbele, kutazama mazingira, na tahadhari. Ukizisoma vizuri ni kama orodha ya kazi ya mtu anayekadiria. Kumbuka mradi uliopita uligharimu kiasi gani. Muulize fundi, usijifanye unajua. Tazama mwisho wa kazi, siyo siku ya uzinduzi. Angalia barabara na msimu wa mvua. Weka dharura. Kwa Thoma hiyo ni fadhila ya Kikristo, hata kama sisi tunaiona kama mambo ya wahasibu.

Sasa tuje kwenye maisha yetu

Wapo vijana wenzetu wanaoishi pamoja miaka mitatu, minne, bila sakramenti ya ndoa. Ukiwauliza wanasema, "Frateri, hatujapata hela ya harusi." Hebu tufanye mchanganuo uleule. Ndoa yenyewe inahitaji nini? Watu wawili walio huru, waliojiandaa, wanaokubaliana kwa hiari mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Hayo ndiyo ya lazima. Ukumbi, mapambo, mshereheshaji na suti za kufanana ni mambo ya kupendeza, na si dhambi kuyapenda. Ila yakiwekwa safu moja na yale ya lazima, jumla inakuwa kubwa mpaka sakramenti yenyewe inaahirishwa. Hapa tumekadiria kupita kiasi, kwa sababu tumechanganya mahitaji.

Halafu cha ajabu, tunakadiria chini upande wa pili. Kamati ya harusi inakaa vikao kumi kuhesabu vinywaji. Nani amekaa hata kikao kimoja kuhesabu gharama ya kusamehe? Ya kumuuguza mwenzako? Ya kuwa mwaminifu ukiwa kazini mkoa mwingine? Hata sisi wa seminari swali ni hilo hilo: kanzu inaonekana, miaka ya utii haionekani kwenye picha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata wito unaweza kupotea hivyo.

Jumla anayoitaja Yesu

Tukimaliza kuhesabu, Yesu anatushtua. Tungetegemea aseme: hesabu, na kama huwezi, acha. Badala yake, katika mstari wa 33, anataja jumla yake mwenyewe: vyote. Asiyeviacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mfuasi wake. Anatutaka tuketi ili tujue mapema kwamba ufuasi hauna bei ya punguzo, tusije tukaanza na sehemu ya moyo tukidhani itatosha.

Injili hii ndiyo ilisomwa Jumapili ya 7 Septemba 2025, siku Papa Leo XIV alipowatangaza watakatifu vijana wawili, Pier Giorgio Frassati na Carlo Acutis. Mmoja alisomea uhandisi ili awe karibu na wachimba migodi, akafa akiwa na miaka 24. Mwingine alipenda kompyuta, akakusanya habari za miujiza ya Ekaristi, akafa akiwa na miaka 15. Hawakupewa muda mrefu, lakini kidogo walichopewa walikitoa chote.

Na tusisahau kwamba Yesu mwenyewe alikuwa njiani kwenda Yerusalemu aliposema maneno haya. Aliijua bei yetu, na hakuipunguza.

Zoezi la wiki hii: chukua jambo moja ulilolianza au unalotaka kulianza, liwe la kikundi au la kwako. Andika hitaji lake kwa sentensi moja. Lichambue, weka gharama ya kila kipande, na matunzo yake. Mwishoni andika jina la mtu atakayeumia ukiliacha njiani. Kisha nenda na karatasi hiyo mbele ya Ekaristi Takatifu, ukae nayo nusu saa.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, utupe busara ya kuketi na kuhesabu kabla ya kuahidi, ukweli wa kuandika namba kama zilivyo, na moyo wa kukutolea vyote bila kujibakizia. Uwakumbuke wote wanaolipa gharama za mipango ambayo hawakushirikishwa. Amina.

Maria, Mama wa Busara, utuombee.