Je, Ushindi Unatakasa Uamuzi?

Mtu akiamua vibaya halafu mambo yakamwendea vizuri, tumpongeze au tumkosoe? Swali hili limewasumbua wanafalsafa miaka mingi, lakini mimi nimeliona likiulizwa kwa uwazi zaidi kwenye meza ya karata kuliko kwenye vitabu vyao.

Karata ninazozungumzia ni za briji. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja na karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila upande unataja utakula raundi ngapi na turufu itakuwa ipi, na anayetaja juu zaidi ndiye anayebeba mzigo. Zamani ukila raundi 12 ulipewa zawadi yake hata kama hukuzitaja. Mwaka 1925 Mmarekani Harold Vanderbilt akapanga upya hesabu za mchezo, na tangu hapo zawadi hiyo ni ya aliyeahidi tu. Ahadi ya raundi 12 ni slemu ndogo, na ya zote 13 ni slemu kubwa. Yaani uwezo peke yake hautoshi. Lazima utoe neno lako wakati karata za wenzako bado huzioni.

Hapo ndipo maadili yanapoingia. Katika mechi za timu, slemu kubwa ikishindikana unapoteza zaidi ya ambavyo ungepata ikifaulu. Ndiyo maana wachezaji hufundishwa wasiitaje mpaka nafasi ya kufaulu ifike karibu asilimia 56. Ukitaja kwa asilimia 40 ukafaulu, umeamua vibaya na umeshinda. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mfano maarufu ni wa Januari 1975, kwenye fainali ya Kombe la Bermuda, ubingwa wa dunia, Italia dhidi ya Marekani. Mechi ikielekea ukingoni, Giorgio Belladonna na Benito Garozzo wakataja slemu kubwa ya pau, huku mfalme wa pau akiwa mikononi mwa wapinzani. Nafasi yao haikufika hata nusu. Kwenye meza ya pili, kwa karata zilezile, Wamarekani walisimama kwenye slemu ndogo isiyo na turufu. Sasa kila kitu kikategemea mfalme amekaa upande gani. Eddie Kantar ndiye aliyekuwa naye, akiwa na 10 tu pembeni yake, na alikaa upande uleule uliowafaa Waitaliano. Bibi akapita salama, kisha ree ikamwangusha mfalme. Italia ikaongeza pointi 12 badala ya kupoteza 17, na ikaondoka na kombe.

Sisi waandishi wa habari tunajua kichwa cha habari cha siku kama hiyo: ujasiri wa mabingwa. Mfalme angekaa upande wa pili wa meza, watu walewale, kwa uamuzi uleule, wangeitwa wazembe. Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel waliliita jambo hili bahati ya kimaadili. Nagel anamtaja dereva aliyezembea kukagua breki: mtoto akikatiza barabarani, dereva ni muuaji, asipokatiza, amefika nyumbani salama. Uzembe ni uleule.

Jibu rahisi ni kusema basi, tuhukumu uamuzi, tuachane na matokeo. Kwa sehemu kubwa nakubali. Lakini briji ina kona moja inayolitia jibu hilo kwenye mtihani.

Chukua mnada wa ushindani. Wapinzani wametaja slemu ndogo ya kopa. Katika hali fulani itawapa pointi 1,430, wakati wewe ukitaja 6 za shupaza na kupungukiwa raundi 4, utatozwa 800. Ni faini, lakini ni nafuu. Sasa kabla yako mwenzako anafikiri, anaguna, anakawia, halafu anasema "pasi". Tayari umejua kitu: naye alitamani kuendelea. Sheria inasema kama una njia zaidi ya moja ya busara, usichague ile iliyopendekezwa na kusita kwake. Hata kama moyoni ulikwishaamua.

Ninachokipenda ni namna mwamuzi anavyofanya kazi. Hakuulizi kama ulidanganya. Anawaendea wachezaji wa kiwango chako, anawapa karata zako bila kuwaambia nani alisita, anauliza: wewe ungefanyaje? Wakiwepo wa kutosha ambao wangefikiria kupita, na baadhi yao wangepita kweli, uamuzi wako unafutwa. Mtu mkweli anaweza kuumia hapa. Lakini hakuna aliyeitwa mwongo, na hakuna aliyelazimika kusomwa moyo.

Ila tazama: kama 6 za shupaza zingekuletea hasara, matokeo kwa kawaida yasingeguswa, kwa sababu hakuna aliyedhurika. Kosa lilelile, na bahati mbaya inakufanya uonekane msafi! Matokeo tuliyoyatoa mlangoni yamerudi kwa dirishani.

Sidhani kama huu ni udhaifu wa sheria. Kurekebisha hesabu ni kazi moja, kumpima mtu ni nyingine. Aliyedhurika anastahili fidia, na fidia haiwezi kupuuza matokeo. Heshima na lawama, hizo zifuate alichokijua mtu wakati anaamua. Tunakosea tunapozichanganya: tunamwona kocha aliyeshinda kuwa ana akili, na daktari aliyefiwa na mgonjwa kuwa hana.

Ndiyo maana kila ninapotakiwa kuandika nani alikosea, nataka kwanza swali la yule mwamuzi: wenye kazi kama yake, wakipewa karata zilezile bila kuambiwa mwisho wake, wangefanyaje? Kombe la 1975 ni la Italia, kihalali kabisa. Kuhusu ile slemu kubwa, mimi ningesimama kwenye 12.