PAMBANO LISILOFANYIKA

Somo: 1 Samweli 25:2–35



Mwezi huu tutaanzia mbali kidogo, katika ulingo wa ndondi, ndipo turudi hapa kwetu Mwamkulu. Akina mama wa Umoja wasikunje uso. Hata Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya tisa, alijifananisha na mpiga ngumi asiyepiga hewa.

Walikuwapo mabondia wawili wa uzito wa juu, Lennox Lewis na Riddick Bowe. Walipigana mara moja tu, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, wakiwa bado mabondia wa ridhaa. Lewis, aliyepigania Kanada, alimshinda Bowe wa Marekani katika raundi ya pili, akatwaa medali ya dhahabu. Kisha wote wawili wakaingia katika ndondi za kulipwa, na watu wakangoja warudiane. Novemba 1992 Bowe alimshinda Evander Holyfield akawa bingwa wa dunia, na Lewis akawa ndiye mwenye haki ya kumkabili. Desemba ya mwaka huo, mjini London, Bowe aliuchukua mmoja wa mikanda yake akautupa katika pipa la taka mbele ya waandishi wa habari. Lewis akapewa mkanda huo pasipo kurusha ngumi. Ikafuata miaka ya kutambiana na kubishania fedha. Mwaka 2004 Lewis alistaafu, na pambano halikufanyika. Mpaka leo wapenzi wa ndondi hubishana ni nani angalishinda.

Ndugu zangu, lishikeni jambo hilo: watu waweza kukaa miaka mingi bila kupigana, na wasiwe wamepatana.

Sasa twende karibu zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua watu, yakapora ng'ombe na mali, na daraja la Kyaka likavunjwa. Amin alikuwa amewahi kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda alipokuwa askari. Vita ilipopamba moto alitoa shauri kwamba yeye na Mwalimu Nyerere waingie ulingoni wamalize ugomvi kwa ngumi, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Mtu yule alikuwa na mwili kama mbuyu, na Mwalimu wetu alikuwa mwembamba.

Sisi tulikuwa vijana wa shule wakati huo. Tulipozisikia habari hizo tulicheka sana, hata tukaigiza pambano lenyewe bwenini. Mwalimu wetu wa zamu akatukuta. Hakutupiga. Alituambia tu kwamba Kagera kuna mama anayetafuta watoto wake porini, naye hajui kama twacheza. Tuliona haya. Baadaye tulipokwenda chuo cha ualimu, kisha tukasimama mbele ya madarasa kwa miaka mingi, tulilikumbuka neno hilo kila tulipokuta wanafunzi wameunda duara kuwazunguka wawili wanaogombana.

Mwalimu Nyerere hakwenda ulingoni. Je, aliogopa? La. Nchi yote ilijua, kwa maana tarehe 2 Novemba 1978 alikwisha kutangaza kwamba tutampiga mvamizi, na tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ulitwaliwa. Lakini damu ya watu wa Kagera haikuwa jambo la kuwekewa viti na watazamaji. Mtu mzima hukataa mchezo wa namna hiyo, wala haoni kwamba heshima yake imepungua.

Nasi Waanglikana tunaye mwingine wa kumkumbuka, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua kupinga mauaji na uonevu. Februari 1977 aliuawa, na serikali ikasema ni ajali ya gari. Hakukunja ngumi, wala hakukimbia. Bingwa yule wa ndondi alikufa uhamishoni Jeddah mwaka 2003, na kanisa humkumbuka Luwum kila mwaka tarehe 17 Februari.

Basi tufungue somo letu. Nabali alikuwa tajiri wa kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja. Vijana wa Daudi walikuwa wamewalinda wachungaji wake, lakini walipoomba chakula aliwatukana. Daudi akajifunga upanga, akashuka na watu mia nne. Pambano lilikuwa limekwisha kupangwa. Aliyelizuia ni mwanamke, Abigaili. Hakukaa nyumbani kusema, hayo ni ya wanaume. Alipakia mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, bisi, zabibu na tini, akaenda kumlaki Daudi njiani. Alishuka juu ya punda, akainama, akaomba kosa lihesabiwe kwake, ingawa si yeye aliyekosa. Naye Daudi akamshukuru Mungu kwa kuzuiliwa. Tazameni gharama aliyoitoa Abigaili: mali, mwendo, na unyenyekevu. Hapo ndipo penye tofauti na wale mabondia wetu.

Ndugu wapendwa, mnajua kwa nini tumeandika haya. Tangu msimu uliopita ndugu wawili wa kanisa letu hawasalimiani kwa sababu ya maji ya mfereji. Mmoja asema mwenzake aliziba maji usiku, mpunga wake ukakauka jarubani. Wa pili asema ametukanwa mbele ya wanawe. Hawajapigana, na wengine wetu twasema, basi, heri yamekwisha. Hayakwisha. Siku ya Ushirika Mtakatifu mmoja hukaa upande wa dirisha, mwingine upande wa mlango, na ukifika wakati wa kupeana amani kila mmoja hutazama chini. Watoto wao nao wameanza kukwepana njiani kwenda shule.

Na sisi wengine tumefanya nini? Tumefanya duara. Kilabuni na kisimani twaulizana ni nani mwenye nguvu, na ni nani atakayeanza. Sisi wazee tuliokula chumvi nyingi ndio tulioyasikia mapema, nasi tulinyamaza. Twaungama kosa hilo hapa.

Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya tano, amemwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Maji ya Katuma yatarudi mferejini msimu ujao, na zamu zitapangwa upya. Tusiyangoje. Juma hili wazee wawili wa kanisa na mama mmoja waende kwa kila mmoja wa ndugu hawa, wasiende mikono mitupu, wakae, wasikilize mpaka mwisho. Sisi tuko tayari kuwa mmoja wao.

Ee Bwana, utuzuie kama ulivyomzuia Daudi, ututume kama ulivyomtuma Abigaili, ukatupatanishe kabla hatujaijongea Meza yako. Amina.