Kidole Kimoja

Mjukuu wangu wa kike, aliye mwaka wa pili chuo kikuu, alikuja likizo akiwa mnyonge. Nilipomdodosa, aliniambia kwamba mwenzao alipigwa picha akilia nje ya chumba cha mtihani. Picha ikatumwa kwenye kundi lao la WhatsApp, na jioni chuo kizima kilikuwa kikicheka. Binti yule alifunga mizigo akarudi kwao. "Babu," akasema, "na mimi niliituma. Kwa watu wawili tu."

Sikumjibu upesi. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, wanachuo nao walisengenyana. Waliandika matusi kwa mkaa kwenye kuta za vyoo. Kwa hiyo si simu iliyozaa uovu. Lakini mwandishi wa ukutani alilazimika kutafuta mkaa, kungoja usiku, na kutembea gizani akisikiliza hatua za mlinzi. Bila shaka wako waliorudi kitandani kabla ya kufika. Mwendo ule mfupi, kati ya nia na tendo, ulikuwa mwalimu bora kuliko mimi.

Simu imeufuta mwendo huo. Mwaka 2003, miezi michache kabla ya kuanzisha Facebook, Mark Zuckerberg, akiwa mwanafunzi wa Harvard, alitengeneza tovuti iliyoweka picha za wanafunzi mbili mbili, bila idhini yao, ili watazamaji wachague nani anavutia zaidi. Ilifungwa baada ya siku chache, naye akaomba radhi. Watazamaji wale nao walibonyeza tu.

Sasa, ndugu msomaji, aibu ya mtu ikisambazwa na vidole 300, je, kila kidole kina hatia ya sehemu moja tu katika 300? Kundi lile lile liliwahi kumchangia nauli mwenzao aliyefiwa. Aliyetoa shilingi 1,000 hakusema, "Mimi ni mmoja tu, si kitu." Aliihesabu sadaka kuwa yake. Basi ikiwa wema wetu tunaudai mzima, kwa haki gani ubaya tuugawe vipande?

Nilimwambia mjukuu wangu asimtumie mwenzake ujumbe wa kuomba msamaha, bali aende. Ni safari ya saa sita kwa basi. Alikwenda. Waliyozungumza sikuyauliza.